Jiwe Lililopita Kabla Hatujalitangaza

Vijana wa ofisini wameniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, kwa kuwa nimestaafu na inasemekana sasa nina nafasi. Nafasi sina, nina kuku na wajukuu, lakini nitaandika. Vyeo nilivyopandishwa sitavieleza, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Ofisi yenyewe pia sitaitaja. Inatosha mjue kwamba ilikuwa Isiolo, ilikuwa na Landrova moja yenye spika mbili za tarumbeta juu ya paa, na kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wa wilaya mambo ambayo wakubwa walitaka wayajue. Mimi nilikuwa fundi wa vyombo.

Niliripoti mwaka wa sabini na tatu nikitokea chuo cha ufundi upande wa Meru. Mkubwa wa wakati ule alikuwa ameandikiwa kwamba fundi anayeitwa Kinya anakuja, na kwa vile hakuwa mtu wa kwetu, jina halikumwambia kwamba ni la kike. Aliponiona mlangoni na sanduku langu la vifaa aliniuliza fundi amebaki wapi. Nikamwambia amefika. Akatazama nyuma yangu, akaona hakuna mtu, akaniita ndani. Baadaye kidogo akanikabidhi kwa Halake Dida, nadhani ili aendelee na chai yake.

Halake ndiye aliyekuwa mtangazaji. Alizaliwa Garbatulla, alikuwa mrefu na mkavu kama fito, na kazi yake ilikuwa kuchukua karatasi ya Kiswahili kutoka kwa mkubwa na kuisema kwa Kiborana kupitia maiki. Umeme hakuujua kabisa. Aliamini fyuzi ni kitu cha kupunguza kiburi cha mafundi. Lakini sauti aliijua, na nilichojifunza chuoni juu ya sauti kilikuwa kidogo kuliko nilichojifunza kwake. Aliniambia gari lisimame mgongo kwa upepo, ili upepo wenyewe ubebe maneno. Aliniambia usitangaze wakati mifugo inakunywa, maana mchungaji hapo anasikiliza wanyama wake, serikali baadaye. Maiki tuliivika soksi nene ya mpira wa miguu, upepo usiingie. Soksi ilikuwa ya mtoto wake. Mguu wa pili sijui alivaa nini.

Kulehemu nyaya nilifanyia kwenye jiko la makaa, kwa sababu umeme wa ofisini ulikuja ulipojisikia. Dereva wetu, Ismail, ambaye babu yake aliletwa Isiolo akiwa askari wa wakoloni na hakuona sababu ya kuondoka, alikuwa akichoma nyama kwenye jiko hilohilo. Tulipokezana. Kuna matangazo ya miaka hiyo ambayo yalinukia mbuzi.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kupatwa kwa jua, mwaka huohuo wa sabini na tatu. Tuliagizwa tuzunguke tukiwaambia watu kwamba alasiri ya siku fulani jua litafunikwa na mtu asilitazame. Tulizunguka mjini, tukaenda hadi Garbatulla. Wengine walicheka. Wazee walimuuliza Halake amejuaje, akawajibu hajui, ila walioandika karatasi wanajua. Siku ikafika, jua likaingia giza kama alivyosema na wakati aliousema, kuku wakapanda kulala. Watu ambao hawakuwa wamelitazama jua maisha yao yote walilitazama siku hiyo, kwa sababu tulikuwa tumewaambia wasilitazame. Lakini tangu hapo, Halake akisema jambo la angani, hakuna aliyembishia tena.

Aliichukua imani hiyo kwa uzito. Katika ukame wa themanini na nne, tulipewa karatasi tutangaze kwamba chakula kinakuja. Halake alikataa kufungua kinywa mpaka apelekwe kwenye stoo ashike gunia kwa mkono wake. Mkubwa, ambaye sasa alikuwa mwingine, alimwona ni msumbufu. Halake akashika gunia, akalipapasa kama anayenunua, kisha akatangaza. Watu walitoka mbali na watoto mgongoni, wakakuta chakula kipo. Nawaeleza haya ili muelewe kwa nini jambo la jiwe lilimuumiza vile.

Ilikuwa themanini na tisa. Mkubwa, wa tatu sasa (jina nitaliacha, ana wajukuu kama mimi), alisikia kwenye redio ya Kiingereza akinywa chai kwamba kuna jiwe kubwa la angani, linalozunguka jua kama dunia inavyozunguka, na limepita karibu nasi. Akaona ni elimu nzuri kwa wananchi. Akaandika karatasi, akaipa kichwa kama vya magazetini: Jiwe Kubwa Lapita Karibu na Dunia. Chini yake akaongeza mstari mmoja kwamba wananchi wajue. Halafu akaenda Nairobi kwenye mkutano.

Tulikuwa tumeshaegesha Garbatulla, siku ya soko la mifugo, ndipo Halake alipoisoma vizuri.

"Lapita lini?" akaniuliza.

"Haijaandikwa."

"Limepita, linapita, ama litapita? Kiborana lazima nichague moja."

"Ngoja mkubwa arudi," nikamwambia.

Ismail, kichwa kikiwa ndani ya boneti, akasema, "Lapita ni lapita, bwana. Soma twende. Giza ikitukuta kwa hii njia, mimi siko."

Watu walikuwa wamekusanyika tayari, upepo uko mgongoni, betri imejaa. Halake akaitazama karatasi kidogo, akachagua. Kwa Kiborana alisema jiwe kubwa kutoka mbinguni liko njiani, litapita karibu na dunia. Na karibu ya pale, ndugu zangu, ni mahali ambapo mtu akiitwa anaitika.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliuliza maswali mawili matatu, wakaenda zao. Tukafunga spika, tukarudi mjini tukidhani tangazo limepokelewa vizuri, na kweli lilikuwa limepokelewa vizuri.

Nilikuwa nimepanga chumba Bulla Pesa, kwenye ploti iliyo karibu na barabara, na siku zilizofuata nikaanza kuona malori. Malori ya mifugo si kitu cha kushangaza Isiolo, lakini haya yalikuwa na ng'ombe wenye ndama, ngamia wa maziwa, wanyama ambao mwenye akili hauzi. Kwenye hoteli ya chai nikamkuta Kirimi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kwetu milimani, akinunulia kila mtu chapati. Nikamsalimu kwa Kimeru, nikamuuliza kulikoni.

"Hawa watu wa Garbatulla sijui wamepatwa na nini," akasema. "Mimi sitaji hata bei. Wanataja wenyewe, na ni ya chini kuliko ile ningetaja."

Jioni hiyo redio ikarudia habari ile, safari hii kwa Kiswahili na kwa utulivu. Jiwe lilikuwa limeshapita. Lilipita mbali kuliko mwezi, na wataalamu wenyewe hawakuliona likija. Waliliona baada ya kupita, likienda zake. Kwa wataalamu, umbali huo ni karibu. Kwa mtu wa Garbatulla ni mbali sana, lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Asubuhi nikamwambia Halake. Alikuwa akikunja nyaya. Aliendelea kuzikunja mpaka zikaisha, akazikunjua, akazikunja tena. Kisha akasema, "Mama yangu alikuwa pale sokoni," akaenda kwa mkubwa, ambaye alikuwa amerudi. Mimi nikamfuata, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na nilikuwa na bisibisi mkononi, na mtu mwenye bisibisi haulizwi anafanya nini.

Mkubwa alisikiliza, akafikiri. Akasema ofisi haiwezi kusimama hadharani na kusema imekosea, maana kesho watu watauliza imekosea nini kingine. Akavuta karatasi.

"Mtawatangazia kwamba jiwe limeahirishwa."

Halake akauliza, "Limeahirishwa na nani?"

"Na mamlaka zinazohusika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watakapotangaziwa tena."

"Bwana mkubwa, wakisikia limeahirishwa wataendelea kuuza."

"Basi watauza kwa utulivu," akasema mkubwa. Na kwa kuwa hakupenda uso wa Halake ulivyokuwa, akasema atakuja nasi mwenyewe.

Tukaondoka wanne. Ile barabara mnaijua, na wakati huo ilikuwa mbaya zaidi. Tulipofika Kula Mawe, Ismail akasema kwamba jiwe kama lingetaka kuanguka lingeanguka hapa tu, hawa wameshazoea. Halake alikuwa anatazama nje, na kila lori lililotoka mbele yetu likienda mjini alilifuata kwa macho mpaka vumbi litulie.

Sokoni tulimkuta Kirimi, lori lake limejaa nusu na vijana wake wanaendelea kupakia. Watu walikuwa wengi, kila mmoja na wanyama wake. Walikuwa wamejaribu kutafuta ushauri. Kulikuwa na mzee mmoja anayejua nyota, anayehesabu siku kwa hizo, na walikwenda kwake. Aliwaambia nyota zake zote ziko mahali pake. Nyota ni vitu vinavyorudi, akasema, na yeye anajua vinavyorudi tu. Hilo jiwe si lake, wakawaulize wenye gari. Kwa hiyo tulipoegesha walitusogelea wenyewe.

Wakati napanga nyaya, mwanamke mmoja alikuwa akibishana na Kirimi. Alimuuliza, "Kama jiwe inakuja, wewe hii ng'ombe unapeleka wapi?"

Kirimi hakusita. "Nairobi. Redio haikutaja Nairobi."

Yule mama akakubali kwamba ni kweli. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake akaanza kuuliza nauli ya kwenda Nairobi ni kiasi gani.

Mama yake Halake, Dhaki, alikuwa amekaa pembeni ya zizi kwenye kivuli cha lori. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mnyamavu. Halake akaenda akachuchumaa mbele yake. Nilikuwa karibu, nikifunga spika, na Kiborana nilikuwa nakisikia vizuri wakati huo.

"Ayo," akamwita, yaani mama, "umeuza?"

"Nimeuza ngamia wa maziwa. Amekwenda na lori la jana. Wengine wako hapa, wanapakiwa."

"Kwa nini hukungoja?"

"Ningesikia kwa mtu mwingine ningengoja," mama akasema. "Nilisikia kwako."

Halake akainuka, akaja kwenye gari, akachukua maiki na karatasi ya mkubwa. Nikawasha amplifaya, nikangoja taa iwake, nikampa ishara. Mkubwa alikuwa amesimama upande wangu, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kufungua shule.

Halake akasalimu, "Salaam aleikum." Wakaitikia. Akasoma maneno ya kwanza, kwamba ofisi inawatangazia wananchi. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaendelea bila hiyo.

Alisema hivi, ninavyokumbuka: "Mimi ni Halake Dida, mwana wa Dhaki, mnanijua. Niliwaambia jiwe linakuja. Jiwe lilikuwa limeshapita. Siku ile niliposimama hapa nikiwaambia linakuja, lilikuwa limekwenda zamani. Lilipita mbali kuliko mwezi. Hata wazungu wenye mitambo waliona mgongo wake tu. Karatasi haikusema lini, na mimi sikujua, na sikungoja kuuliza. Nilichagua neno, nikachagua vibaya. Nimekosea. Rudini na mifugo yenu."

Mkubwa hakujua Kiborana. Lakini alijua karatasi yake ilikuwa fupi, na alijua sasa iko mfukoni. Akamgeukia Ismail. "Anasema nini?"

"Anaeleza," Ismail akasema.

"Anaeleza nini?"

"Ile mambo ya jiwe."

Mkubwa akanigeukia mimi, akapitisha kidole shingoni kwamba nizime. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi. Nilikuwa na watoto wawili wa shule na kodi ya Bulla Pesa, na nitawaambia ukweli, mkono ulitaka kuzima. Nikamtazama Dhaki kwenye kivuli cha lori. Nikamwonyesha mkubwa kwa ishara kwamba kuna shida ya fyuzi, nikainama nikaingiza kichwa chini ya meza ya amplifaya. Fyuzi ilikuwa nzima. Niliikagua mpaka Halake akamaliza.

Kisha nikainua kichwa. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hivyo limepita?"

"Limepita," Halake akasema.

"Litarudi?"

"Hilo sijui."

Nadhani ni hilo lililowashawishi. Mtu anayeendelea kudanganya angesema halirudi. Wazee wakashauriana kidogo, kisha wakaenda wakasimama nyuma ya lori la Kirimi, bila fimbo kuinuliwa wala sauti kupanda. Walisimama tu, na waliendelea kuongezeka. Kirimi akaniita kwa Kimeru, akaniambia niwaambie hawa kwamba biashara ni biashara. Nikamwambia kwa lugha hiyohiyo kwamba itabidi anunue kwa watu hawa maisha yake yote, na kwamba wana kumbukumbu nzuri. Akatazama idadi yao, akatazama umbali wa kwenda Isiolo. Akafungua mlango wa lori. Wakarudisha alichowapa, wakachukua wanyama wao. Alilalamika mpaka ndama wa mwisho, lakini alishusha.

Wanyama waliokuwa wamekwenda na malori ya awali hawakurudi. Kulikuwa na nyumba ambazo zilikaa bila maziwa, na mtoto wa jirani yake Dhaki aliletwa hospitali ya Isiolo mwezi uliofuata akiwa amedhoofu. Alipona. Lakini nilimwona Halake akienda wodini kila siku baada ya kazi, na hakuwa akisema anakokwenda.

Kabla hatujaondoka, Dhaki alikuja kwenye gari kumuaga mwanawe. Akamshika mkono dirishani.

"Umesema jiwe limepita," akamwambia.

"Ndiyo, Ayo."

"Ngamia wangu pia amepita." Kisha akamwambia asisahau kula.

Njiani Halake hakukaa mbele. Alikaa nyuma pamoja nami na betri. Mkubwa hakusema neno mpaka mjini, jambo ambalo Ismail alilisifia kwa miaka.

Wiki hiyo Halake aliondolewa kwenye maiki akapelekwa stoo, kuhesabu matairi. Mimi niliandikiwa onyo kwa kushindwa kuzima mtambo. Sijawahi kusikia fundi mwingine aliyeonywa kwa sababu chombo chake kilifanya kazi. Mahali pa Halake aliletwa kijana mtangazaji, Kiborana safi, sauti nzito nzuri, na kila alichopewa alikisoma kama kilivyo. Hakuwa mtu mbaya. Nikamfundisha kuegesha mgongo kwa upepo.

Kabla mwaka haujaisha, sotoka ikaingia upande ule. Kama hamjaona ugonjwa huo wa ng'ombe, mshukuru. Unaweza kumaliza zizi zima, na dawa yake ni kuchanja mapema kabla haujafika. Daktari wa mifugo alikuwa na chanjo kwenye barafu, na barafu haingoji mtu. Tukaenda Garbatulla siku moja kabla yake, yule kijana akatangaza vizuri kabisa: leteni ng'ombe wote, chanjo ni salama. Asubuhi tukaja na daktari. Ng'ombe walioletwa walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wazee.

Daktari akakasirika. Mkubwa, ambaye alikuwa amekuja kupigwa picha, akamtuma Ismail akaulize wazee tatizo ni nini. Ismail akarudi akikuna kichwa.

"Wanasema huyu kijana hawamjui," akasema.

"Si ni mtu wa hukuhuku?"

"Wanajua ni wa hapa. Wanasema hajawahi kukosea, kwa hivyo hawajui akikosea atafanya nini." Kisha akaongeza, "Wanasema wanamtaka yule aliyekosea."

Mkubwa alitembea hadi kwenye zizi na kurudi. Alitazama kasha la barafu, ambalo lilikuwa limeanza kutoa maji chini. Kisha akamwambia Ismail aende Isiolo akamtoe Halake stoo, na asichelewe.

Walifika alasiri, Halake na vumbi la matairi kwenye shati. Alikwenda kwanza kwa daktari, akaomba aonyeshwe chupa, akaishika, akauliza ng'ombe wakichanjwa watapata nini na wangapi wanaweza kuugua. Daktari akamjibu. Akauliza tena lile ambalo hakulielewa. Akaja kwangu, nikampa maiki. Mkubwa hakumpa karatasi yoyote.

"Salaam aleikum," Halake akasema. "Ni mimi."

Ng'ombe wakaanza kuletwa.